Darubini ya Mara Sita

Mume wangu hulala mchana. Mgeni akija kwetu, hilo ndilo jambo la kwanza analoambiwa, tena kwa kunong'onezwa mlangoni kabla hajavua viatu. Hulala chumba cha nyuma, na jua kali likigonga dirisha lile, mwanga unaofanikiwa kupenya hukifanya chumba kizima kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mapazia nimeyashona mwenyewe. Mimi ni fundi wa mapazia. Nimeshona ya hoteli, ya ofisi, ya kumbi za harusi, lakini hakuna niliyoyahangaikia kama yale ya chumbani kwetu, maana upenyo mdogo tu hutosha kumwamsha mtu huyu, na akiamka vibaya nyumba nzima hukosa amani.

Wenzake kazini humwita Popo. Alilipokea jina hilo bila kinyongo. "Wangeweza kuniita Bundi," aliniambia, "halafu tuone kama kuna mtu angetualika kwake." Mimi simwiti hivyo mbele yake. Nikimkasirikia humwita hivyo jikoni, peke yangu, huku nikigonga masufuria.

Kazi yake ni kulinda mazao ya shamba moja kubwa lililoko pembeni ya msitu. Upande mmoja mahindi, upande mwingine karanga, na huko msituni wako nguruwe pori ambao hawana kazi nyingine ila kuzisubiri karanga hizo zikomae. Kundi moja likiingia, asubuhi utakuta mistari mizima imefukuliwa. Shamba lina kibali, bunduki ni mali ya shamba, na Popo ndiye mwenye ruhusa ya kuishika. Jioni hupanda dunguni, jukwaa la miti refu kuliko mahindi, na hushuka ndege wanapoanza kelele zao. Katika miaka yote ya kazi hiyo nimekuwa na mume asubuhi kidogo na jioni kidogo, na sehemu kubwa ya ndoa yetu imepitia mezani, kwenye kikombe cha chai ya alfajiri.

Ndiyo maana nasema, ukitaka kumjua mtu huyu, msikilize alfajiri. Akirudi hula polepole macho yakiwa yameanza kufumba, na hapo ulimi humfunguka. Hunieleza usiku wake. Ile darubini yake ya zamani, iliyofungwa juu ya bunduki, ilikuwa na tochi inayotoa mwanga ambao macho yetu hayauoni, lakini kioo chake kinauona. Kwa hiyo yeye, akiwa amekaa gizani kabisa, aliliona shamba zima limelala jeupe na kijivu, majani ya mahindi yakimeta, sungura wamekaa kwenye njia ya trekta wakitazamana kama wako kwenye kikao. Aliona nungunungu akipita na miiba yake bila haraka. Aliona swala mmoja ambaye kila mara alisimama mahali pale pale, akanyanyua mguu, akafikiri, akaenda zake. Alinisimulia hayo sauti ikizidi kushuka, maneno yakianza kukosa vichwa na miguu, mpaka nikawa sijui tena kama ananieleza alichokiona au ameshaanza kuota. Kisha nilimwongoza kitandani kwa kumshika kiwiko. Na mimi nikienda kwenye cherehani yangu nilikuwa na usiku wake wote kichwani. Nilishona mapazia ya watu huku sungura wakipita mbele ya sindano.

Katika masimulizi hayo alikuwamo pia mdogo wangu wa kiume. Yeye ndiye mtu wa maji pale shambani. Humwagilia usiku, wakati jua halipo kuyanywa maji kabla mizizi haijayapata, na hutembea toka koki moja hadi nyingine akifungua na kufunga kwa kupapasa. Tochi haruhusiwi kuwasha, kwa sababu nguruwe wakiona mwanga hutawanyika na kwenda kuharibu pembe nyingine ambako hakuna anayewaona. Sasa basi, mtu anayeinama gizani katikati ya mazao, na mtu mwingine juu na bunduki, lazima wawe na makubaliano. Makubaliano yao yalikuwa kitambaa. Kila mdogo wangu alipoanza kazi kwenye mstari, alichomeka kijiti hatua chache pembeni, mahali pasipo na matope, na juu yake akafunga kipande cha kitambaa cheupe. Kipande chenyewe nilimpa mimi, masalio ya bitana za mapazia. Kwenye darubini kitambaa hicho kiling'aa kuliko kitu chochote. Popo akiona kiwiliwili kimeinama, alitafuta kitambaa ndani ya picha. Kikiwepo, huyo ni shemeji yake. Kisipokuwepo, huyo ni nguruwe. Walifanya hivyo miaka mingi bila tatizo, wakawa hawalifikirii tena.

Halafu ile darubini ikafa. Haikufa ghafla, ilianza kupepesa, ikawa inamwonyesha shamba, inamnyima, inamwonyesha, mpaka jioni moja ikakataa kabisa. Meneja wa shamba akamwambia aende mjini achague nyingine, shamba litailipia. "Wewe ndiye unayeitumia," alimwambia, "chagua unayoiona inakufaa." Popo alirudi nyumbani kichwa kimemvimba. Nikamwambia naenda naye, nahitaji pete za mapazia. Pete nilikuwa nazo. Nilitaka tu kuwa karibu, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo yeye alidhani silijui.

Macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Nililigundua jioni moja alipokuwa anatoka kwenda kazini. Jirani yetu alikuwa ameanika koti lake kwenye ua, na mume wangu akasimama mbele ya lile koti, akalisalimia kwa heshima zote, akaliuliza habari za watoto. Koti halikujibu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akanuna, akasema alikuwa anatania. Lakini mtu anayetania hutazama kama kuna anayecheka, na yeye hakutazama. Tangu hapo nikawa namchunguza. Aliogopa meneja akijua atamnyang'anya bunduki na kumweka getini kuandikisha magari. Kwa Popo, getini ni kama kuzikwa akiwa hai. Usiku wote ule, sungura wake, swala wake mwenye mawazo, angemwachia nani?

Duka lilikuwa jembamba na refu, na mwenye kuuza alikuwa dada mmoja mpole aliyevaa miwani minene. Alitupeleka stoo ya nyuma, akafunga mlango, akazima taa. Lilikuwa giza la kweli. Nilisikia tu sauti yake, na pumzi ya mume wangu, na mahali fulani maji yakidondoka. Dada akamwekea Popo darubini ya kwanza mkononi. "Hii inavuta mara mbili," alisema. "Tazama kule mwisho." Popo akatazama, kisha akanipa na mimi. Niliona ile stoo yote, ukuta hadi ukuta, rafu, maboksi, ngazi imeegemezwa, na huko mwisho kalenda ikiwa ndogo ndogo. Kila kitu kilikuwa cheupe na kimya. Sijui nieleze vipi. Nilijihisi kama nimekufa na bado naona, wala sikuogopa. Nikaelewa kwa nini mume wangu harudi nyumbani na hasira za usiku kama walinzi wengine.

"Na hii inavuta mara sita," dada akasema. Popo akaitia jichoni, akashusha pumzi ndefu. "Naona tarehe," alisema. "Mama watoto, naona tarehe za kwenye kalenda!" Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Unaona tarehe," dada akasema, "lakini ngazi unaiona?"

"Ngazi ipo wapi?"

"Ipo hapo hapo kando ya kalenda. Mara sita inakuletea kitu karibu, lakini inakukatia pembeni. Na kurudi nyuma huwezi, kioo kimeshapimwa hivyo. Kwenda mbele unaweza, kuna kitufe hiki, kinafika mara kumi na mbili, ila hapo si kioo kinachovuta, ni picha tu inatanuliwa. Umewahi kutanua picha kwenye simu mpaka pua ya mtu ikawa matofali? Ndiyo hivyo. Kwa shamba lako, mzee, kama unawinda kwa umbali ulioniambia, mimi ningekupa mara mbili, au ikizidi sana mara tatu."

Maneno mazuri, yenye akili, ya mtu anayeijua kazi yake. Mume wangu aliyasikiliza yote na hakuna hata moja lililomwingia. Nilimfinya kiunoni, nikamnong'oneza, "Mwambie dada habari ya macho yako." Akajitia hamnazo. Nikamfinya tena. Akasema kwa sauti, "Mke wangu anaogopa giza, tuwashe taa." Nilitamani kumrushia ile kalenda. Taa zilipowaka alikuwa ameikumbatia ile ya mara sita kifuani. Kichwani mwake hesabu ilikuwa rahisi tu, kwamba jicho likipungua, darubini iongezwe.

Asubuhi zilizofuata chai yetu ilibadilika. Alikula, lakini hadithi zilikuwa zimekonda. Alinieleza sikio. Alinieleza mguu wa kitu fulani, hakujua cha nani. Alinieleza jani moja la muhindi lenye umande, alivyoliona waziwazi mpaka mishipa yake, na ilimchukua muda kulipata tena alipolipoteza. Nilimuuliza habari za sungura. "Wapo," alisema, "nawaona mmoja mmoja." Nilimuuliza swala. Hakuwa amemwona. Usiku wake ulikuwa umekatwakatwa vipande, na mimi nikikaa kwenye cherehani sikuwa na cha kuota, niliona sindano na kitambaa tu kama fundi mwingine yeyote. Sikufurahi hata kidogo.

Ikaja asubuhi ambayo hakunywa chai. Alipita mezani, akaenda moja kwa moja chumbani, akajilaza juu ya shuka na mabuti yake. Mtu ambaye akiweka kiatu kwenye zulia langu huliomba radhi zulia! Nilimwacha, nikadhani amechoka. Mchana nilipoingia nilimkuta yuko vile vile, macho wazi, yanatazama dari, na mwanga wa mapazia umemfanya wa rangi ya udongo. Nikakaa kitandani. Nikamwambia, "Sema."

"Jana," alisema.

"Jana nini?"

"Niliona kitu cheusi. Kimeinama kwenye karanga, ile pembe ya karibu na msitu. Kinakwenda polepole, kinasimama, kinakwenda. Nguruwe akila anakwenda hivyo hivyo. Nikatafuta kitambaa kwenye picha. Hakuna kitambaa. Nikabonyeza kile kitufe mpaka mwisho, kikajaa kioo kizima, kikawa madoa tu yanatetemeka. Nikatafuta tena. Hakuna kitambaa."

Nilishajua anakokwenda, lakini sikumkatiza.

"Halafu kikainua kichwa," aliendelea. "Kikakiinua juu, kikakipeleka huku na huku, kama kinanusa upepo. Bega likafunguka. Mama watoto, nguruwe akisimama vile ndiyo anakupa nafasi. Nikafungua kizuizi cha bunduki. Nikaweka kidole."

"Ukafanya nini?"

"Jicho likajaa machozi. Siku hizi linajaa machozi lenyewe tu. Nikalitoa kwenye darubini nilifute. Nikatazama shamba hivi hivi, kwa macho matupu, na nyota tu. Nikaona kitu cheupe. Kidogo, kinachezacheza. Pembeni yake kabisa, hatua chache. Kilikuwepo muda wote ule, mke wangu. Picha ndiyo haikuwa na nafasi yake."

Alianza kulia, na si kulia kwa kuficha. Mimi nilikaa pale nikiwa nimeshika kidole gumba cha mguu wake juu ya buti, sijui kwa nini kidole gumba. Nilimwona mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni yule, nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Niliwaza kwamba kama jicho la mume wangu lingechelewa kujaa machozi kidogo tu, ningekuwa na maiti ya mdogo wangu upande mmoja na mume aliyemuua upande mwingine, nami katikati, na kitambaa changu kikining'inia kwenye kijiti. Nilimchukia Popo kwa muda. Nasema wazi, nilimchukia. Kisha nikamvua mabuti.

"Na leo usiku?" nikamuuliza.

"Sitapiga risasi."

"Hilo halitoshi. Mdogo wangu atakuwa mle mle, na wewe utakuwa juu na kitu kile. Nenda kwa meneja sasa hivi. Mwambie ulichagua vibaya, na mwambie kwa nini."

"Atanipeleka getini."

"Akupeleke hata kuzimu. Usipokwenda wewe, nakwenda mimi, tena na kanga ya nyumbani."

Akapiga moyo konde, akaenda. Aliniambia baadaye kwamba njiani alijihisi anatembea ndani ya maji, jua lilikuwa kali na yeye hakulizoea, watu walimsalimia na yeye aliwaona kama wako upande wa pili wa pazia. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani yake, akaiweka mezani, akamwambia, "Mimi bila hii sioni hata hiyo sura yako. Ungeniambia tangu mwanzo, mzee, tungekwenda pamoja kupima." Alisema hivyo kwa upole, lakini bunduki aliifungia stoo siku ile ile, akasema haitoki mpaka mambo yawe sawa. Usiku ule Popo alilala nyumbani. Ilikuwa ajabu kumsikia akipumua pembeni yangu gizani. Hatukupata usingizi sana. Tulilala tu tukisikiliza paa likipoa.

Kesho yake ilikwenda haraka. Macho yalipimwa, akaambiwa atapewa miwani ya kutembelea. Dukani yule dada hakutucheka. Alichukua ile ya mara sita, akaleta ile ya mara mbili, ya aina ile ile na yenye taa ile ile, na alipoambiwa habari ya macho alipiga paji lake la uso kwa kiganja. "Mzee, si ungesema tu!" Akamwonyesha kipete kidogo nyuma ya darubini, pale jicho linapokaa, kinachozungushwa mpaka picha ikubaliane na jicho la mtumiaji. Tukaingia tena stoo, taa zikazimwa. Popo alizungusha kile kipete taratibu, akaganda. "Naiona ngazi," alisema. Baada ya muda akasema tena, "Naiona kalenda na ngazi." Udhaifu aliokuwa akiuficha ulikuwa na dawa yake pale pale, kwenye kipete cha upana wa kidole, na yeye alikuwa ameutafutia kioo kikubwa.

Lakini bado lilibaki jambo kubwa kuliko yote, na tulilijua wote wawili tukiwa njiani kurudi. Mdogo wangu hakuwa na habari. Alikuwa amekwenda kazini, akamaliza, akalala, akaamka, akala, bila kujua kwamba alikuwa kwenye ncha ya bunduki ya shemeji yake. Popo alisema lazima amwambie. Nilimuuliza kama ana hakika. Alinyoosha hatua tu.

Tulimkuta nje ya chumba cha pampu, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakata kipande cha bomba kwa msumeno. Alipotuona akasimama, akacheka, akaanza kutafuta kitu cha kunikalisha. "Karibuni, karibuni. Dada, kaa hapa, pakavu. Shemeji, afadhali umekuja, nilikuwa na neno na wewe. Nilitaka kukushukuru."

"Kunishukuru?" Popo akauliza.

"Kwa usiku wa juzi. Unajua mimi siipendi ile pembe ya karanga, imekaa vibaya, msitu uko pale pale. Na juzi niliwasikia nguruwe wanakoroma humo ndani, karibu kabisa. Woga ulinishika, nikasema leo nakimbia, maji yatajijua. Nikageuka kutazama dunguni kwako. Nikaona kijicho chekundu." Alikuwa ameshakaa tena kwenye ndoo yake, akimtazama Popo kwa furaha. "Hiyo darubini yako mpya ina kijicho, unajua? Wewe uliye nyuma yake hukioni. Mtu akiwa mbele, pale inapotolea mwanga wake, anakiona kidogo, kama mtu anavuta sigara kule mbali. Ile ya zamani haikuwa nacho. Basi nikaona kimenielekea mimi. Hakiondoki. Muda mrefu, kimenitulia tu. Nikajisemea, ah, shemeji yuko na mimi. Woga wote ukaniisha, nakuambia. Nikakuinulia mkono, nikakupungia."

Akainua mkono kutuonyesha. Akaupeleka huku na huku.

Niliutazama mkono ule, na matope yaliyokaukia katikati ya vidole. Hicho ndicho kichwa kilichoinuka kikanusa upepo. Mdogo wangu alikuwa anampa salamu mume wangu, na kwa salamu ile mume wangu akafungua kizuizi. Niliona pampu, ndoo, ukuta, vyote vikienda mbali, na sauti za watu wale wawili nikawa nazisikia kama niko kwenye usingizi wa mchana.

Popo angeweza kusema karibu, shemeji, hamna neno. Tungekunywa chai tukarudi nyumbani, na mdogo wangu angeishi miaka yake yote na kumbukumbu nzuri ya usiku ule. Mimi mwenyewe, pamoja na ukali wangu wote, dakika ile nilitamani aseme hivyo.

"Shemeji," Popo akasema. "Sikukuona."

"Hukuona nikipunga?"

"Niliona kitu kinainua kichwa. Nilikuona nguruwe. Kitambaa hakikuingia kwenye picha. Ulipoinua mkono nilifungua kizuizi, nikaweka kidole."

Mdogo wangu aliushusha mkono polepole, akaulaza gotini, akautazama. Pampu ilikuwa inanguruma nyuma yetu. "Nilipopunga?" akauliza.

"Ulipopunga."

Akanyanyuka, akaingia chumba cha pampu, akafunga mlango. Nilitaka kumfuata, Popo akanishika mkono. Tulisimama pale kama watu waliofiwa. Alipotoka alikuwa amenawa uso, na maji yalikuwa bado yanamtiririka shingoni. Hakukaa tena. Alizungumza akiwa anatazama mashamba.

"Na jana?" alisema. "Jana nilikitafuta kile kijicho usiku kucha. Sikukiona."

"Jana bunduki ilikuwa imefungiwa stoo."

"Basi jana ndiyo niliogopa," mdogo wangu akasema. "Jana nilitetemeka kama mtoto."

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu akafuta shingo kwa fulana yake, akamuuliza kama leo atakuwepo. Popo akasema atakuwepo kama yeye atamkubali, tena na darubini nyingine, inayoona na pembeni. Mdogo wangu alifikiri, na nilimwona akifikiri kweli, si kwa kujionyesha. "Njoo," alisema mwishowe. "Ila sitaki tena kupunga kwa kitu ambacho sijui kama kinaniona. Nikikupungia, zima kijicho, halafu kiwashe. Nisipoona kinazima, nalala chini kwenye matope mpaka asubuhi, karanga zikauke."

Jioni ile meneja aliijaribu darubini mwenyewe, akaitoa bunduki stoo, nami nikapanda dunguni na mume wangu kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu. Nilimwambia sishuki mpaka nione kwa jicho langu. Akazitoa risasi zote, akazitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko, ndipo akaniachia nitazame. Mashamba yalikuwa yamelala, meupe, hayana mwisho. Niliona njia ya trekta na sungura wake. Niliona mahindi, na karanga, na kitambaa changu kikicheza kwenye kijiti, na pembeni yake, mdogo sana lakini mzima, mdogo wangu ameinamia koki. Wote walikuwa ndani ya picha moja. Kisha akasimama, akageuka upande wetu, akainua mkono.

Nikamwambia Popo, "Anakupungia."

Alichukua darubini, akatazama kwa muda. Alikosea kitufe mara ya kwanza. Akazima kijicho, akakiwasha. Kule chini mdogo wangu alibaki ameuinua mkono, bado hakuushusha, na Popo akazima tena, akawasha tena, akazima, akawasha, mpaka nikamwambia inatosha, ameshaona, mwache mtu afanye kazi yake.